Vidudu vyenye tumbo jekundu uani kwangu Kibosho, ni nyuki au nyigu?

Mangi_wa_Kibosho

Wakuu habari za jumapili. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi na wadudu, nimeshauliza kila mtu hapa nyumbani na kila mtu ana jibu lake.

Nipo Kibosho kwenye kihamba cha baba. Pale uani kati ya nyumba na banda la ng'ombe kuna sehemu udongo umekanyagwa mpaka umekuwa mgumu kama saruji, hata nyasi haioti. Sasa toka mvua za vuli zikatike kumetokea vishimo vingi, kila kimoja upana wa kijiti cha kiberiti, pembeni kamezungukwa na kaudongo laini kama kamechekechwa. Mwanzo nikajua chungu. Wiki hii nimekaa kwenye kigoda nasubiri mama amalize kukamua, nikaangalia vizuri, kumbe wanaoingia ni vinyuki vyeusi vidogo sana vimebeba unga wa njano miguuni. Hao sina shida nao.

Shida yangu ni wengine. Nao wadogo hivyo hivyo, nakadiria mm 6 au 7, kichwa na kifua cheusi, tumbo jekundu kama damu iliyoganda halafu kule nchani kunarudi kweusi. Hawabebi kitu. Wanaruka chini chini yaani kama inchi moja toka ardhini, wanayumbayumba juu ya vile vishimo, anachungulia hiki anatoka, anachungulia kile anatoka, kuna mmoja akaingia nikamuwekea saa ya simu akakaa humo zaidi ya dakika tano. Jirani anasema nyigu. Mama anasema ni chungu walioota mabawa. Mwanangu wa darasa la tano kasema ni mbu aliyeshiba. Picha nimepiga 11 zote ukungu, naweka hiyo iliyo nafuu.

Naomba kujua ni nyuki au nyigu, namtambuaje kwa kumwangalia, na je anauma maana nina mtoto wa mwaka mmoja anatambaa hapo hapo.

chalii_wa_ngarenaro

Mangi mwaga mafuta ya taa kwenye mashimo, kesho husomi tena habari zao. Au wapeleke kwa madalali wa mawe uwaambie ni rubi inaruka 😂

MamaMarangu

Baba Kibosho usimsikilize huyo chalii. Mimi mwaka juzi nilikuwa na vishimo kama hivyo pembeni ya jiko, nikamwaga mafuta ya taa kweli kwa hasira zangu, nyuki hawakuisha ila kamche kangu ka parachichi kaliyokuwa mita moja hapo kalikauka mpaka mzizi, mche wenyewe wa kununua. Hao weusi wenye unga wa njano ndo nawaona kwenye maua ya maharage na kwenye kishona nguo asubuhi jua likitoka. Hawana shida na mtu. Hao wekundu sijui, nasubiri na mimi kusoma.

Kipepeo_Njiro

Mangi hongera, watu wengi wanapita juu ya hao na makobazi bila kujua kuna kesi inaendelea chini yao. Picha yako ni ukungu kweli ila kwa maelezo yako namna anavyoruka na kuchungulia, naweka pesa yangu kwamba huyo ni nyuki, tena nyuki mzamiaji. Unamjua mzamiaji wa harusi, hajachanga hata mia ila yupo meza ya mbele na sahani ya pilau. Huyu hachimbi, hatafuti chavua (ule unga wa njano wa maua). Anasubiri mweusi achimbe, ajaze chakula chumbani, akitoka yeye anaingia, anaharibu yai la mwenye nyumba, anataga lake pale pale na kufunga mlango. Buu lake likianguliwa linakuta sahani imeshapakuliwa.

Kundi la hao wekundu wanaozamia kwa vinyuki wachimbaji linaitwa Sphecodes. Jina alilipa Latreille, mfaransa, mwaka 1804, na kwa kigiriki ni kama kusema "anayefanana na nyigu", kwaiyo jirani yako msimcheke, mtaalamu mwenyewe aliona hivyo hivyo.

Sasa namna ya kumjua. Kosa la kila mtu ni kukimbilia rangi. Tumbo jekundu wanalo nyigu wachimbaji kibao, wanalo na nyuki wengine wasio na uhusiano kabisa na huyu. Rangi iache mwisho. Anza na mguu wa nyuma. Nyuki jike anayelea watoto wake lazima awe na pa kubebea chavua, aidha brashi ya nywele mguu wa nyuma au brashi chini ya tumbo kama wale wanaokata majani ya waridi kwa mviringo. Mzamiaji hana hata kimoja, mguu mwembamba, vinywele vya kuhesabika kama ndevu za kijana wa form two. Mwili mzima kwanza ni upara, ndo maana anaonekana nyigu, kazi ya kukusanya chavua hana sasa nywele za nini.

Ila hapo hapo kuna mtego, na mimi ulininasa mwaka mzima wakati nilikuwa nakamata wadudu kwa ajili ya wanafunzi waliokuja kufanya utafiti mlimani. Dume lolote la nyuki halina brashi, hata dume la hao weusi wako wema. Kwaiyo usimuite mtu mwizi kabla hujajua ni jike au dume. Dume vipapasio vyake vina pingili 13 na tumbo pingili 7 zinazoonekana, jike ana 12 na 6. Unahesabu toka ile ndefu ya kwanza iliyoshika kichwa. Mtego wa pili ni Hylaeus, kanyuki keusi kembamba kana alama nyeupe au njano usoni, kapara vile vile, hakana brashi wala kikapu lakini ni ka halali kabisa, chavua kanaimeza kanaenda kuitapika nyumbani. Nimewahi kuandika lebo ya mzamiaji kwa wanyonge kama 30 hivi wa aina hiyo, nikarudi kufuta moja moja usiku.

Kuhusu nyigu. Angalia pingili ya kwanza ya wayo wa mguu wa nyuma, kwa nyuki imetanuka na kuwa bapa ukilinganisha na zinazofuata, kwa nyigu nyembamba tu. Nywele za nyuki zina matawi kama manyoya ya kuku, za nyigu zimenyooka, ila hiyo utahitaji hadubini. Na nyigu wengi wa size hiyo uso unang'aa kama fedha ukimgeuza kwenye jua.

Halafu sasa kifua na kichwa. Sphecodes ana vishimo vishimo vimejaa kichwani na kifuani, vikubwa, vinaonekana kwa lenzi ndogo tu, utadhani ile kastabini ya fundi cherehani. Tumbo lenyewe linang'aa kama limepakwa vanishi.

Fanya hivi. Mvizie mchana jua likiwa kali, mfunike na glasi, sukuma karatasi ngumu chini, peleka kwenye friji la kawaida robo saa. Siyo friza. Atalegea bila kufa, utapata dakika mbili tatu za kumpiga picha na kumwangalia kabla hajapata joto. Tafuta na ile lenzi ya kukagulia tanzanite inayokuza mara 10, huku kwetu haikosekani. Ukishindwa kumvizia tega mabakuli, la njano, jeupe na la bluu, maji na tone la sabuni ya vyombo, ila hapo atakufa na watakufa wengi usiowahitaji.

Mtoto asikutie wasiwasi. Jike ana mwiba na ukimbana kwa vidole atajitetea, lakini hana mzinga wa kulinda, hakufuati. Wa kuogopa pale kwenye vishimo ni mwingine, ukiona kama chungu mkubwa mwenye manyoya, hana mabawa, kifua chekundu na tumbo jeusi lenye madoa meupe, yule siyo chungu, ni nyigu jike, na yeye anafuata vyumba vya hao hao nyuki. Akikuchoma utataja ukoo mzima.

TechBoy_Sakina

Nimeichukua picha ya mangi nikaiingiza kwenye programu ya kutambua wadudu kwenye simu, imesema Nomada moja kwa moja. Mnahangaika na friji za nini karne hii

Kipepeo_Njiro

Nomada naye ni mzamiaji na wapo wekundu, kwaiyo programu haijapotea njia yote, imeshuka tu kituo kabla. Ila Nomada wengi wanazamia kwa nyuki wachimbaji wanaoitwa Andrena ambao wamejaa Ulaya na Marekani, na ndiko picha nyingi zinatoka, sasa ukiipa picha ya ukungu yenye kitu chekundu inakupa inachokijua. Nomada mara nyingi ana michirizi au madoa ya njano au meupe mwilini, na mshipa wa bawa ninaoutafuta mimi kwake haujapinda. Mangi alete bawa tuone.

Mangi_wa_Kibosho

Wakuu nimerudi. Kazi nimeifanya jana na ndoa yangu imeyumba kidogo.

Nilivizia saa tano nikakosa mara sita, kale kadudu kanaona glasi inavyokuja. Ya saba nikakabahatisha kanatoka shimoni kinyumenyume. Nikafunika na kadi ya harusi ya mwaka jana nikaweka kwenye friji, nikaenda kumtafuta shemeji ambaye anahangaika na mawe Mirerani aniazime lenzi. Kurudi nakuta mke wangu amefungua friji atoe maziwa ya mtoto, amekuta glasi na mdudu. Nimesemwa toka hapo mpaka nalala.

Haya, nilichokiona. Kwanza kwa lenzi hiyo siyo mdudu tena, ni pikipiki. Kifua ni kastabini kweli dada, vishimo vimepangana mpaka kichwani, nikimgeuza kila kishimo kinapata jua lake. Tumbo laini linateleza, wekundu umeshika pingili tatu za mbele na kidogo ya nne, nyuma kote kweusi. Mguu wa nyuma mwembamba, vinywele vichache vya rangi ya majani makavu, hakuna unga hata chembe. Uso haung'ai fedha. Hakuna njano popote mwilini.

Vipapasio nilihesabu mara tano nikapata 11, 12, 12, 13, 12. Kura zinasema jike. Tumbo pingili 6.

Alivyopata joto alianza kutikisa mguu mmoja, halafu akapitisha kipapasio kwenye mguu wa mbele taratibu toka shina mpaka ncha kama mtu anayevuta uzi kwenye tundu la sindano, akahamia cha pili, akanawa uso, akaruka. Mwanangu alikuwa pembeni hakusema kitu, huyo mtoto huwa hanyamazi.

Bawa nimelipata kwenye picha moja hiyo hapo, mishipa inaonekana ila mimi sijui kuisoma.

Kipepeo_Njiro

Mangi hiyo picha ya bawa ni nzuri kuliko zangu nyingi. Angalia bawa la mbele, ukingo wa juu katikati kuna kidoa kinene cheusi. Chini yake kuelekea nchani kuna vyumba vidogo vimepangana mstari mmoja, hesabu, vitatu. Sasa rudi upande wa mwili, kuna mshipa unaoshuka kutoka ukingo wa juu na umepinda sana kama upinde uliovutwa. Upinde huo ndo kitambulisho cha familia ya Halictidae, hao weusi wako nao wanao, maana mwizi na mwenye nyumba hapa ni ukoo mmoja. Ndo mambo ya ukoo hayo, anayejua funguo zinawekwa wapi ni ndugu.

Vile vyumba vitatu navyo vinatuondolea mtu mwingine niliyekuwa namuogopa, Pasites, naye mdogo, mwekundu, mzamiaji, ila yeye ana vyumba viwili na tumbo lina vidoa vya nywele nyeupe. Anazamia kwa nyuki wachimbaji wengine, kina Nomia na ndugu zao, ila yeye mwenyewe ni wa ukoo mwingine kabisa, hana udugu nao.

Kwaiyo jike, Halictidae, hana brashi, kastabini, tumbo jekundu. Ni Sphecodes au ndugu yake Eupetersia, maana huku Afrika tunao wote wawili na sura karibu moja na tabia moja. Kwa picha ya simu mimi naishia hapo.

TechBoy_Sakina

Yaani maelezo yote hayo na bado hujui ni aina gani? Si useme tu jina kamili mtu alale

Kipepeo_Njiro

Haha kaka ndo ugonjwa wa hawa wadudu. Sphecodes duniani wamezidi spishi 300 na wengi ni mweusi na mwekundu, mweusi na mwekundu, mweusi na mwekundu. Hata Uingereza ambako wana spishi kama 17 tu na wamekuwa wakizikusanya toka enzi za mabibi, wale wadogo wadogo wanawagombanisha wataalamu mpaka kesho. Wanaangalia nafasi kati ya kishimo na kishimo, jino la ndani la taya, upana wa kichwa kikitazamwa kwa juu, na vindoano vinavyoshikanisha bawa la nyuma na la mbele, wanavihesabu, kuna mahali tofauti ya aina moja na nyingine ni ndoano moja. Moja! Na majike kuna wakati hawatenganishiki, inabidi upate dume, ulilainishe, uvute sehemu zake za siri kwa sindano ukaziangalie kwenye hadubini. Kwa madume pia kuna vile viraka vya vinywele vifupi kwenye kila pingili ya kipapasio, upana wake unatofautiana aina na aina.

Na rangi ndo inakusaliti zaidi, aina moja hiyo hiyo unaweza kukuta huyu kawa mwekundu kote huyu ana weusi nusu. Size nayo usiiamini, akilelewa kwenye chumba chenye chakula kidogo anatoka mdogo.

Kwaiyo mtu akikuangalizia picha ya ukungu akakupa majina mawili ya kilatini bila kupepesa, mshukuru halafu endelea kutafuta.

Mzee_Mizinga

Hamjambo vijana. Nimesoma yote. Mimi nipo Usa River nafuga nyuki wadogo, hawa wasiouma, nina magogo 14 chini ya paa. Mwaka huu gogo moja la wale wadogo kabisa wanaokuja kulamba jasho machoni, nimeona wageni mlangoni. Wadogo kama wenyeji, mm 4 hivi, weusi wanang'aa kuliko wenyeji, vichwa vikubwa. Waliingia wengi kwa pamoja. Nikasema makundi yameungana. Lakini hawatoki kwenda maua, wiki ya pili nimefungua nimekuta vyungu vya asali vimekauka na majana yameharibika. Je, ni jamaa huyo huyo wa Kibosho amepoteza rangi?

Kipepeo_Njiro

Shikamoo mzee. Pole sana na gogo lako. Hapana, huyo ni mwingine kabisa, na kwa maelezo yako namuona Cleptotrigona cubiceps. Hilo cubiceps ni kichwa cha mchemraba, kichwa boksi, kwaiyo jicho lako liko sawa. Ni nyuki asiyeuma vile vile, ndugu wa wafugwa wako, anapatikana toka Liberia kuja mpaka Tanzania na kushuka hadi Afrika Kusini, na kazi yake ni kuvamia vile vinyuki vidogo kabisa vya Hypotrigona na Liotrigona. Wa Kibosho anazamia mmoja mmoja kwa kuvizia na kutaga yai. Huyu wako anakuja na kundi zima, anabeba chakula au anahamia kabisa. Ule ni wizi wa mfukoni, huu ni ujambazi.

Kumtambua kanuni ni ile ile ya mguu wa nyuma. Chukua mwenyeji mmoja na mgeni mmoja waliokufa mlangoni, walaze pamoja kwenye karatasi nyeupe. Mwenyeji ugoko wake wa nyuma umetanuka na kubonyea kidogo kama kijiko, ndo kikapu chake. Mgeni kijiko hicho hana, hajawahi kuchuma ua maishani mwake. Ukiona hivyo mzee umemaliza.

Mzee_Mizinga

Marahaba binti. Nimewalaza kwenye karatasi kama ulivyosema, nimevaa miwani na nikaweka lenzi juu ya miwani. Ni kweli. Mwenyeji ana kijiko, mgeni ana kijiti. Miaka 20 nafuga sikuwahi kuangalia miguu, nilikuwa naangalia asali tu. Gogo hilo nimelitoa nimelipeleka mbali na wenzake, chini kule kwenye mfereji.

MamaMarangu

Jamani na mimi nina swali langu dogo kabla uzi haujafungwa. Kuna mmoja mnene mweusi ana madoa ya bluu anang'aa kama kanga (ndege siyo nguo, japo hata nguo inafaa), jioni namkuta amening'inia kwenye kijiti kakavu cha mrehani, ameking'ata kwa taya, miguu hewani, amelala. Nao wanakuwa watatu wanne wamepangana. Naye ni mwizi?

Kipepeo_Njiro

Mama naye ni mzamiaji, Thyreus, huyo hata bila lenzi unamjua. Anazamia kwa wale nyuki wanene wanaovuma kwa sauti kali wana mistari tumboni, Amegilla. Hana nyumba ndo maana analala kwenye kijiti, na dume akishachoka anang'ata tu popote. Kwenye mrehani huo huo ukimuona mwingine mweusi mwenye mistari myeupe, tumbo limechongoka nyuma kama penseli iliyotoka kuchongwa, huyo jike la Coelioxys, ile ncha ndo anapasulia ukuta wa majani wa mkata waridi ili apenyeze yai. Macho yake yana vinywele, kitu cha ajabu kidogo kwa nyuki.

Mangi wewe nina ombi. Ukipata mwingine, safari hii muweke friza siku nzima, halafu kwenye kiberiti kitupu na pamba kidogo. Na lebo: mahali, tarehe, urefu toka usawa wa bahari, nani kakamata, na alikuwa anafanya nini. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau, na kwa mzamiaji ndo ya maana, maana kama una mweusi aliyekuwa anaingia shimo lile lile unaweka na yeye kiberiti cha pili. Mwizi bila mwenye nyumba ni nusu ya habari. Ulete huku Njiro, kwenye kituo cha utafiti kuna watu wa nyuki na hadubini, na mimi nitakuja tuhesabu vindoano pamoja.

Mangi_wa_Kibosho

Dada nimekuelewa. Jana nimekaa tena na kigoda, safari hii na mwanangu. Kuna shimo moja mwenye nyumba hakutoka, kichwa chake kimeziba mlango kabisa, ukiangalia juu unaona kama kishimo kina kizibo cheusi. Mwekundu akaja, akatua, wakasukumana vichwa, akazunguka kama anaondoka, akarudi, wakasukumana tena, mwisho akaenda kukaa kwenye kijani cha mgomba kilichoanguka kama hatua mbili, akasubiri. Tulisubiri wote watatu. Mweusi hakutoka. Ng'ombe akaanza kulia tukaondoka sisi.

Leo asubuhi nimepata mwekundu na mweusi wa shimo moja, wapo friza nyuma ya samaki, mke wangu nimemtaarifu kwanza. Lebo ameandika mwanangu kwa mkono wake: Kibosho, uani, karibu na banda la ng'ombe, alikuwa anachungulia. Urefu nimeutoa kwenye simu, imesema mita 1,380. Mtoto mdogo tumemuwekea mkeka upande wa jikoni.

Jumatano natelemka Arusha na viberiti vyangu viwili. Nikitoka stendi nipande gari gani ya Njiro na nishuke wapi?

chalii_wa_ngarenaro

Mangi ukifika stendi nistue, nitakuja na boda nikupeleke mpaka getini bure, nataka na mimi nione hiyo kastabini. Ila hivyo viberiti usije ukampa mtu aliyekuomba moto njiani.